Masta na PhD ya Sayansi ya Mazoezi, Ukocha na Elimu ya Viungo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila msimu wa maombi. Nimeanza na ya msingi, yale ya mitego yako chini. Pale jibu limeshatolewa sehemu nyingine nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Kwanza tuelewane

Sayansi ya mazoezi, ukocha na elimu ya viungo si kitu kimoja tu?

Hapana, ingawa wanafunzi wake hukaa darasa moja mara nyingi tu. Sayansi ya mazoezi inauliza mwili unafanyaje kazi ukiupa mzigo, yaani moyo, mapafu, misuli, homoni, mifupa, na ndani yake kuna fiziolojia ya mazoezi, baiomekanika (nguvu na mwendo wa mwili), lishe ya michezo na saikolojia ya michezo. Ukocha unauliza huyu mchezaji niliye naye leo nimpangie nini, nimwambieje, na nijuaje kama kimefanya kazi. Elimu ya viungo inaangalia kujifunza, kwamba mwanafunzi wa kawaida, hata yule anayechukia kukimbia, anajengaje ujuzi wa mwili wake na mwalimu afanye nini ili darasa zima lihusike na sio wale watano wenye kipaji tu.

Ukishajua swali gani linakunyima usingizi kati ya hayo matatu, nusu ya kuchagua kozi imeisha.

Mbona kila chuo kina jina lake? Kinesiolojia, sayansi ya michezo, sayansi ya mwendo...

Historia hiyo. Zamani idara nyingi zilikuwa za elimu ya viungo tu, kazi yake kutoa walimu. Mwaka 1964 Franklin Henry wa Berkeley, Marekani, akatoa hoja kwamba fani hii inaweza kusimama kama taaluma yenye maarifa yake yenyewe bila kutegemea kufundisha shuleni, na baada ya hapo idara zikaanza kugawanyika na kubadilisha majina, kila moja kwa njia yake. Kwa hiyo usichague kwa jina. Fungua orodha ya masomo, angalia nani anafundisha na wana maabara gani. Nimeona kozi mbili zenye jina lilelile, moja ni takwimu na damu mwanzo mwisho, nyingine ni uongozi wa michezo.

Lazima niwe nimecheza kwa kiwango cha juu?

Si lazima. Kwenye ukocha itakusaidia kuaminiwa na wachezaji wiki ya kwanza, wiki ya tatu wanaangalia unachofanya. Kwenye maabara hakuna anayeuliza.

Masta inachukua muda gani?

Mwaka mmoja hadi miwili kwa anayesoma muda wote. Uingereza ya mwaka mmoja ni ya kawaida, Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya ni miwili. Nchi zinazofuata mfumo wa Bologna, ule wa kuoanisha elimu ya juu Ulaya ulioanza 1999, zinahesabu kwa krediti za ECTS, mwaka mzima ni 60 na krediti moja ni kama saa 25 hadi 30 za kazi, ukijumlisha kusoma mwenyewe. Piga hesabu hiyo uone, mwaka mmoja ni saa 1,500 hadi 1,800, ndo maana anayekuambia atafanya masta "pembeni" huku ana kazi ya kutwa nzima nauliza mara mbili kama anajua anachosema. Soma pia swali la kufanya kazi huku unasoma, liko chini.

## Kuomba nafasi

Digrii yangu ya kwanza sio ya michezo, nitapokelewa?

Inategemea ulisoma nini. Waliotoka baiolojia, uuguzi, lishe, fiziotherapia na ualimu huwa hawapati shida kubwa, pengine utaambiwa uchukue kozi mbili tatu za kujazia kabla, mara nyingi anatomia, fiziolojia na takwimu. Waliotoka uhandisi wanapendwa sana kwenye baiomekanika kwa sababu hesabu za nguvu na mwendo wameshazizoea na programu za kompyuta haziwatishi. Ukitoka biashara au sheria ingia kwa mlango wa uongozi wa michezo, au ukubali kurudi nyuma mwaka mmoja, hilo nalo si dhambi.

GPA yangu ni ya chini. Nisahau?

Usisahau bado. Kuna kozi zenye kiwango cha chini kilichoandikwa na ukikikosa mfumo unakutupa nje kabla mtu hajasoma jina lako, hizo achana nazo. Zilizobaki zinaangalia na vingine: alama za miaka ya mwisho zilivyopanda, kazi uliyofanya na timu, barua ya mtu anayekujua kweli. Barua ya mhadhiri maarufu anayesema tu "alihudhuria darasa langu" haina uzito wowote ukiilinganisha na ya kocha anayeeleza ulivyokaa na kikosi cha vijana msimu mzima ukaandika kumbukumbu za mzigo wa kila mazoezi.

Nimwandikie msimamizi kabla ya kuomba? Nimwambie nini?

Kama kozi ina utafiti, ndiyo, tena mapema. Mimi naona hili ndilo jambo kubwa kuliko jina la chuo, maana chuo kizuri na msimamizi asiyepatikana ni miaka miwili ya mateso, na chuo cha kawaida chenye msimamizi anayesoma kazi yako na kukurudishia ndani ya wiki kitakutoa mtafiti.

Imeili iwe fupi. Watu wanaandika kurasa mbili kuanzia walivyopenda michezo tangu utotoni, haisomwi. Kitu kama hiki kinatosha: "Habari Profesa. Nimesoma utafiti wenu kuhusu uchovu na jinsi mchezaji anavyotua baada ya kuruka. Kwenye kazi yangu ya digrii nilipima kuruka kwa wachezaji wa voliboli nikaona tofauti ya mguu wa kulia na wa kushoto inaongezeka mwisho wa mazoezi. Ningependa kuendelea na swali hilo. Je, mnapokea wanafunzi wa masta mwaka huu?" Ambatisha CV, basi. Asipojibu kwa wiki mbili mkumbushe mara moja, asipojibu tena nenda kwa mwingine, na kwa kweli amekupa taarifa muhimu kuhusu yeye.

Akijibu, omba kuongea na wanafunzi wake wa sasa bila yeye kuwepo. Waulize kazi zinarudi baada ya muda gani na waliomaliza wako wapi.

Masta ya masomo tu au ya utafiti, ipi bora?

Ukitaka PhD chukua ya utafiti, hilo halina mjadala. Ukitaka kwenda uwanjani au gym kesho yake, ile ya masomo yenye mafunzo kwa vitendo itakufaa zaidi, ila hakikisha hayo mafunzo ni ya kweli, una timu, una mtu wa kukusimamia na kuna saa zilizohesabiwa, sio kubeba koni na chupa za maji miezi sita afu unapewa cheti.

Ufadhili unapatikanaje?

Kwa PhD upo zaidi kuliko kwa masta. Njia za kawaida ni skolashipu ya chuo au serikali, mradi wa msimamizi wenye pesa tayari, na nafasi za kusaidia kufundisha au kusaidia utafiti. Marekani kuna pia nafasi za kusaidia timu za chuo huku ada inalipwa, na hizo ushindani wake ni mkali. Soma masharti ya saa, kuna nafasi zinaandika saa 20 kwa wiki na msimu ukianza zinakuwa 40.

Kusoma kwa mtandao kunakubalika?

Kwa ukocha, uongozi na ualimu wa viungo, ndiyo, hasa kwa mtu ambaye tayari yuko kazini na ana kikosi au darasa la kujaribia. Kwa fiziolojia na baiomekanika mimi nasita. Kupima kunafundishwa kwa mikono, ona swali la maabara hapo chini utaelewa.

## Ndani ya kozi

Tunasoma nini ambacho sikusoma kwenye digrii ya kwanza?

Vitu vilevile kwa kiasi kikubwa, ila sasa unaulizwa kila namba ilitoka wapi. Chukua ile ya mapigo ya moyo ya juu kabisa, 220 toa umri, iko ukutani kwenye gym nyingi duniani. Kwenye digrii ya kwanza uliikariri. Kwenye masta unaifuata hadi chanzo unakuta ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kuangalia mstari uliopita katikati ya data za tafiti mbalimbali, hakuna jaribio lililofanywa mahsusi kwa ajili yake. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake wakaja na 208 toa umri mara 0.7. Sasa jaribu mwenyewe: mtu wa miaka 40 zote zinampa 180, mtu wa 60 ya zamani inampa 160 na mpya 166, kijana wa 20 anapata 200 na 194. Na hata hiyo mpya, mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo kumi na kitu. Kwa hiyo ukimpangia mzee mazoezi kwa namba ya ukutani unaweza kumfanyisha kidogo mno au kupita kiasi na hujui ipi. Hilo ndilo somo zima la masta kwa kweli, kuijua namba pamoja na kosa lake.

Upande wa ukocha ni hivyohivyo. Mipango ya kugawa msimu kwa vipindi inatokana kwa sehemu kubwa na kazi za Matveyev wa Urusi ya Kisovieti miaka ya 1960, aliangalia wanamichezo wenye kilele kimoja au viwili kwa mwaka. Mchezaji anayecheza mechi kila wiki kwa miezi tisa ana kilele gani? Darasa zuri linaweza kubishana hapo simesta nzima.

Naogopa takwimu. Nitafeli?

Hapana, lakini usiikimbie. Wengi wanaokwama kwenye tasnifu hawakwamii kwenye mazoezi, wanakwamia kwenye faili la data lililojaa safu zisizo na majina. Anza na jamovi, programu ya takwimu ya bure na rahisi, ukiweza nenda R, programu nyingine ya takwimu. Usijifunze majaribio hamsini. Elewa vizuri wastani na mtawanyiko, kipindi cha uhakika (masafa ambamo thamani halisi inaweza kuwemo), ukubwa wa athari, na vipimo vya kurudiarudia kwa mtu yuleyule maana fani yetu imejaa "kabla na baada". Ukielewa hivyo kwa dhati unasoma makala nyingi za fani bila msaada.

Maabara ikoje? Ni mashine za kisasa tu?

Mashine ni sehemu ndogo. Chukua kitu kinachoonekana cha kitoto, kupima unene wa mafuta chini ya ngozi nyuma ya mkono kwa koleo la kupimia. Kwa utaratibu wa ISAK, shirika la kimataifa la upimaji wa mwili, unapima upande wa kulia, unatafuta ncha ya mfupa wa bega, unashuka hadi mfupa wa redio (radius, wa mkono wa chini) unapoanza kwenye kiwiko, unapata katikati kwa futi kamba, unaweka alama kwa kalamu. Halafu unabana ngozi na mafuta kwa kidole gumba na cha shahada ukiuacha msuli, unaweka koleo sentimita moja kutoka vidole vyako, unaliachia kabisa, unahesabu sekunde mbili ndo unasoma. Unazunguka sehemu zote kisha unarudia upya, vipimo viwili vikipishana zaidi ya asilimia 5 unachukua cha tatu. Mwanafunzi mgeni akiweka koleo sentimita moja pembeni namba inabadilika, na wiki nane baadaye anaandika kwamba programu yake imepunguza mafuta, kumbe kilichobadilika ni kidole chake.

Upimaji wa VO2max, yaani oksijeni nyingi kabisa mwili unayoweza kutumia, nao hivyo. Watu wanaona mtu amevaa barakoa anakimbia kwenye mashine hadi anashika pembeni, hawaoni saa nzima kabla yake, sindano ya lita 3 inasukumwa na kuvutwa kuhakiki kipimo cha hewa, gesi ya kiwango kinachojulikana inapitishwa, hewa ya chumba inatakiwa isome oksijeni asilimia 20.93. Ukiruka hatua hiyo unapata namba nzuri sana isiyo na maana. A. V. Hill, mwanafiziolojia wa Uingereza, na wenzake walipofanya kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikimbia wenyewe kwenye uwanja wa nyasi na mfuko wa kukusanyia hewa mgongoni, na hadi leo tunabishana na walichoandika, mashine zetu zote hizi.

Naweza kufanya kazi huku nasoma?

Ukisoma nusu muda, ndiyo. Ukisoma muda wote, kazi ya saa chache na ikiwezekana iwe ya fani hii hii, mfano kufundisha timu ya watoto jioni. Kinachoua ni wiki za kukusanya data, washiriki wanakuja muda wanaotaka wao, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi au Jumamosi, na vipimo vingi vinatakiwa virudiwe saa ileile ya siku, huwezi kumwambia mtu aje kesho mchana kwa sababu una zamu.

Mimi ni mwalimu wa viungo, masta itanisaidia nini darasani?

Utajifunza kwamba kuna njia nyingi za kufundisha zaidi ya filimbi na mstari. Muska Mosston mwaka 1966 alizipanga mbinu za kufundisha kwa kuangalia nani anafanya maamuzi, kuanzia mwalimu kuamua kila kitu hadi mwanafunzi kuamua mwenyewe. Mwaka 1982 Bunker na Thorpe wa Uingereza wakaja na wazo la kuanza na mchezo kwanza, ufundi baadaye: badala ya dakika 30 za kupiga pasi kwenye mistari, wape wanafunzi mchezo wa watatu kwa watatu uwanja mdogo, wakwame, wajiulize kwa nini mpira unapotea, hapo ndo ufundishe pasi. Ukijaribu wiki moja utaona wale waliokuwa wanakaa chini ya mti wanauliza zamu yao lini. Halafu masta inakupa namna ya kupima kama kweli wamejifunza au wamefurahi tu, vyote vizuri ila si kitu kimoja.

## Tasnifu na utafiti

Nachaguaje mada?

Anza na ugomvi unaousikia uwanjani. Kocha mmoja anasema kunyoosha viungo kabla ya mbio kunapunguza kasi, mwingine anasema kunazuia majeraha, hiyo tayari ni mada. Kisha ipunguze mpaka ionekane ndogo ya aibu: kunyoosha kwa namna gani, sekunde ngapi, misuli ipi, mbio za mita ngapi, kwa nani. "Athari za mazoezi kwa afya" haina mwisho. "Sekunde 30 au 90 za kunyoosha misuli ya nyuma ya paja na kasi ya mita 20 kwa wasichana wa mpira wa miguu" unaimaliza.

Nahitaji washiriki wangapi?

Kila mtu anataka aambiwe 30, hakuna namba ya jumla hivyo. Inategemea athari unayotafuta ni kubwa kiasi gani na umepangaje utafiti. Kwa viwango vya kawaida, nguvu ya jaribio (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) asilimia 80 na alfa (hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo) 0.05, ukilinganisha makundi mawili tofauti na ukitegemea athari ya kati, d (tofauti ya wastani ukiigawa kwa mtawanyiko) ya 0.5, unahitaji watu 64 kila kundi. Athari kubwa ya 0.8 inashusha hadi 26. Ukiwapima watu walewale mara mbili, d ya 0.5 inahitaji kama 34 kwa jumla. Programu ya G*Power ni ya bure, itakupa hesabu yako mwenyewe kwa dakika mbili.

Ukipata kumi na wawili tu, na kwenye fani yetu hilo linatokea sana maana wachezaji wa kiwango cha juu hawauzwi dukani, sema hivyo wazi na upunguze ukubwa wa unachodai. Usiseme "hakuna tofauti", sema hukuiona kwa idadi hiyo.

Naweza kutumia timu ninayoifundisha mwenyewe?

Naweza kusema ndiyo lakini kwa masharti. Wewe ndiye unayepanga kikosi cha Jumapili, sasa mchezaji gani atakukatalia? Ndipo kamati ya maadili itakubana, na ina haki. Azimio la Helsinki, la maadili ya utafiti kwa binadamu, la 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, la mwisho 2024, linataka ridhaa ya hiari, na linataja kabisa hali ya mtu kuwa chini ya anayemwomba. Suluhisho la kawaida ni mtu mwingine awaeleze utafiti na kukusanya fomu, na wewe usijue nani kakataa hadi msimu uishe. Kama ni chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi na pia ya mtoto mwenyewe.

Na usianze kukusanya data kabla ya kibali. Huwezi kuomba kibali cha jana.

Naweza kufanya mapitio ya kimfumo ili nikwepe kukusanya data?

Unaweza, ila kama sababu ni kukwepa kazi umepotea njia. Kusoma vichwa vya makala elfu mbili, kuchuja, watu wawili wachuje kila mmoja peke yake, kuandika kila uamuzi kwa mpangilio wa PRISMA (mwongozo wa kuripoti mapitio), si mapumziko hayo.

Msimamizi wangu hajibu miezi miwili sasa. Nifanyeje?

Weka kila kitu kwa maandishi. Mtumie imeili yenye swali moja na tarehe, "nisipopata maoni hadi Ijumaa nitaendelea na sura ya tatu hivi". Kama bado kimya, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili, sio kulalamika bali kuomba msimamizi wa pili. Kuomba mapema kunaonekana ni utaratibu, kuomba wiki mbili kabla ya kuwasilisha kunaonekana ni ugomvi.

Jarida limenitumia imeili linataka kuchapisha tasnifu yangu, linanisifia sana.

Futa. Majarida ya kweli hayamwombi mwanafunzi wa masta kwa "Mheshimiwa Daktari" na ahadi ya kuchapisha ndani ya siku tatu. Muulize msimamizi yeye anachapisha wapi, na kubalianeni mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Tasnifu ni yako, wewe ndiye wa kwanza kwa kawaida, lakini hilo liandikwe kabla watu hawajachoka.

## Baada ya kumaliza

Masta inatosha kuwa kocha au kocha wa viungo wa timu?

Digrii na leseni ni vitu viwili. Kwenye mpira wa miguu unapanda ngazi za leseni za UEFA, CAF au shirikisho lingine, C, B, A hadi Pro, na masta hairuki ngazi hata moja. Kwa ukocha wa nguvu na utimamu, cheti cha CSCS cha NSCA, chama cha Marekani cha fani hiyo, kinataka uwe na digrii ya kwanza, au uwe mwaka wa mwisho, ndipo ufanye mtihani, kwa hiyo hapo digrii ni mlango, cheti ndio ufunguo. Kwa ualimu wa shule angalia leseni ya ualimu ya nchi husika. Ninachoshauri, panga mtihani wa cheti ndani ya masta yenyewe, wakati fiziolojia bado iko kichwani.

Kazi zipo?

Zipo, ila kwenye vilabu vikubwa ni chache kuliko wahitimu wanaozitaka. Nyingi ziko sehemu ambazo mwanafunzi hakuziota: ukarabati wa wagonjwa wa moyo hospitalini, mazoezi kwa wazee na wenye kisukari, jeshi na zimamoto, shule, kampuni za vifaa vya kupimia, uchambuzi wa data za michezo. Anayejua takwimu na kuongea na kocha kwa lugha ya kocha hakosi pa kwenda. Mfano mdogo: mzigo wa mazoezi kwa njia ya Foster, mchezaji anataja ugumu kwa kipimo cha 0 hadi 10, unazidisha kwa dakika, 6 mara 90 ni 540. Ukimpelekea kocha jedwali la rangi kumi na tano hasomi. Ukimwambia "huyu beki wiki hii amepanda mara mbili ya kawaida yake na analala vibaya", anakusikiliza.

Masta hii inanifanya niwe mtaalamu wa fiziotherapia?

Hapana. Hiyo ni taaluma ya tiba yenye leseni yake. Ukijitangaza hivyo kwenye nchi nyingi ni kosa la kisheria.

Niende PhD?

Nenda kama unataka kufanya utafiti au kufundisha chuo kikuu. Kama unataka mshahara mkubwa wa klabu au kuitwa daktari, fikiria tena, ni miaka mitatu hadi mitano, na mara nyingi zaidi. Kuna PhD zinazofanyika ndani ya klabu, nusu wiki uko na timu, nusu uko chuoni. Nzuri sana ila uliza nani mwenye data, soma swali la mwisho.

## Ya pembeni

Nina miaka 45, si nimechelewa?

Kwenye ukocha na elimu ya viungo utakuta wa umri wako, na maswali yenu darasani huwa bora kwa sababu mmeshapoteza mechi. Kwenye PhD swali ni miaka utakayofanya kazi baadaye na nani anakulipia.

Nina ulemavu au jeraha la kudumu, masomo ya vitendo itakuwaje?

Uliza kabla ya kukubali nafasi, kwa maandishi, kipi ni cha lazima kufanya kwa mwili na kipi ni cha kuonyesha unakielewa. Mara nyingi kinachopimwa ni kama unaweza kumwelekeza mtu na kuona kosa lake, sio kama wewe unaruka. Na utafiti wa michezo ya watu wenye ulemavu una maswali mengi ambayo hayajaguswa. Mfano mmoja, namba nyingi za mzigo na joto zimetengenezwa kwa watu wasio na ulemavu, wakati mtu aliyeumia uti wa mgongo juu jasho lake na mapigo yake havifanyi kazi hivyohivyo.

Klabu imenipa data, nimemaliza uchambuzi, sasa wanakataa nisichapishe.

Kama hamkuandikiana, uko pabaya. Kabla ya kuanza kunatakiwa karatasi moja inayosema data ni ya nani, inakaa wapi, majina yanafutwaje, klabu ina siku ngapi za kusoma kabla ya kuchapisha, na kwamba inaweza kuomba kufichwa jina lake lakini si kuzuia matokeo wasiyoyapenda. Chuo kina ofisi ya mikataba, watumie hao, usisaini mwenyewe.

Kama umeshafika hapo bila karatasi, jaribu haya kwa mpangilio: omba kuchapisha bila jina la klabu na bila msimu kutajwa, wakikataa omba kuchelewesha mwaka mmoja ili siri ya ushindani iishe, wakikataa tena uliza chuo kama tasnifu inaweza kufungwa isisomwe na umma kwa muda huku wewe unahitimu. Kumbuka pia kwamba wachezaji wenyewe walitoa ridhaa kwa matumizi fulani, na hata klabu ikikubali, huwezi kutumia data yao kwa kitu ambacho hakikuwa kwenye ile fomu.

Timu ya kikosi cha watu ishirini na kitu ni rahisi sana kumtambua mtu, "golikipa, miaka 34, goti la kushoto" tayari kila shabiki anajua ni nani. Futa nafasi, umri weka kwa makundi, na matokeo ya mtu mmojammoja yaondoe kwenye grafu.